Alhamdu Niliyoisikia Kisimani

Kisima kilicho nyuma ya msikiti wetu wa Mwabungo nilikichimba mimi. Sisemi hivyo kwa kujivuna. Kuchimba visima ndiyo kazi niliyoshuka nayo kutoka kwetu Ukambani, na kabla ya hicho nilikuwa nimekwisha kuchimba vingine Likoni na Waa. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Umri wangu ulikuwa ishirini na sita au na saba; mama yangu alituhesabia miaka kwa njaa zilizopita, kalenda hakuwa nayo. Sikujua kusoma hata herufi moja, na dini yangu ilikuwa ile ya baba yangu: kumwaga kidogo chini kabla ya kunywa, basi.

Wazee wa msikiti waliniita kwa kuwa kisima chao cha zamani kilikuwa kimeingia chumvi. Watu walitawadha kwa maji yanayowasha macho, na mtu akisukutua alikunja uso kama aliyenyweshwa dawa. Nikazunguka nyuma ya msikiti siku nzima nikitazama miti na vichuguu, kisha nikachagua mahali palipokuwa hatua chache tu kutoka ukuta wa chuo, pale watoto waliposomeshwa msahafu. Mwalimu wa chuo hakupapenda.

"Watoto wangu hawatasoma," alisema. "Kutwa watachungulia shimo."

"Mwalimu," nikamwambia, "mimi sikuyaweka maji hapo. Nimeyakuta."

Akanitazama kidogo, akacheka, akasema, "Haya, chimba."

Kazi ya kisima ni ya watu wawili. Mmoja yu chini na mtaimbo na sururu, mwingine yu juu kwenye roda, anavuta ndoo ya mawe na kurudisha tupu. Wangu wa juu alikuwa bwana mmoja wa hapo hapo kijijini, Mdigo, mpana wa mabega, mwenye maneno mengi na mzaha mwingi. Kwa kuwa sikuwa na jamaa huko, alinichukua nikalala kwao. Mamake, ambaye sote tulimwita Bibi, alinipikia. Na mpwa wake wa kike, mjukuu wa Bibi, ndiye aliyeniletea chakula cha mchana kisimani, akakiweka ukingoni na kuondoka bila kuaga.

Pima mbili za kwanza zilikuwa udongo na mchanga, nyepesi. Kisha tukakuta jiwe la matumbawe, na hapo mambo yakaenda polepole. Mtaimbo ukipiga, jiwe linatoa unga mweupe na kipande kisichozidi kiganja. Huko chini hakuna cha kuona. Unalo jiwe mbele ya pua na duara la mbingu juu ya kichwa. Lakini sauti zinaingia zote, na zikiingia zinakaa. Nilisikia kuku, nilisikia mtu akipiga chafya barabarani, na zaidi ya yote niliwasikia watoto wa chuoni.

Walikuwa na sura moja waliyoanza nayo kila asubuhi na kufunga nayo kila alasiri. Mwalimu anasema kipande, wao wanaitikia wote pamoja, na sauti zao zinashuka kisimani zikizunguka ukuta kama maji yanayomiminwa. Sikujua ni Alhamdu, wala sikujua kwamba kuna kitu kinaitwa Alhamdu. Nilichojua ni kwamba ina mwendo mzuri wa kupigia mtaimbo. Inapanda, inatulia, inashuka, na mwisho kuna lile neno refu la kuvuta ambalo ukilivuta sawasawa mkono nao unapumzika. Wiki ya kwanza nilikuwa nikiifuata kwa kuguna. Ya pili nikaanza kuyatamka maneno. Kufikia wiki ya tano, watoto wakienda kwao kula, mimi nilikuwa nikiendelea peke yangu.

Siku moja ndoo haikurudi. Nikatikisa kamba, kimya. Nikapiga kelele, "Wewe bwana, umelala?" Nikatazama juu, nikaona lile duara la mbingu limejaa vichwa. Mwenzangu wa roda alikuwapo, watoto wa chuoni walikuwapo, wamelala kifudifudi kuzunguka ukingo, na kati yao mwalimu mwenyewe ameshika kofia yake isianguke.

"Fundi," mwalimu akaniita, "hayo uliyokuwa ukiyasema, yaseme tena."

Nikaogopa. Bara kulikuwa bado na ile Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau, na mtu wa bara pwani alikuwa akitazamwa mara mbili. Nilidhani nimeiba kitu cha watu. Nikasema, "Mwalimu, mimi nilikuwa nikifanya kazi tu."

"Hapana ubaya. Yaseme."

Basi nikayasema. Nilianza taratibu, nikashika mwendo, nikapanda nilipopaswa kupanda. Nilipofika katikati, watoto walianza kuvunjika mbavu. Mmoja alicheka hata kofia ikamwanguka ikanitua begani. Mwenzangu alikuwa ameegemea roda, anapiga mguu chini. Mimi nikaendelea hadi mwisho, nikavuta lile neno refu.

Nilikuja kuelezwa baadaye. Kumbe kila siku, wakifika katikati ya sura, kulikuwa na mtoto mmoja wa safu ya nyuma aliyekuwa akimfinya jirani yake, na mwalimu kila siku alikuwa akimkemea hapo hapo, kwa Kidigo, bila kubadilisha sauti: "Wewe wa nyuma, mwache mwenzio, nitakuja hapo!" Mimi Kiarabu sikukijua na Kidigo wakati huo sikukijua vilevile. Nilikuwa nimejifunza vyote viwili pamoja, nikaviimba kwa mahadhi mamoja, na lile la kufinyana nililiimba vizuri kupita yote.

Mwalimu alikuwa wa mwisho kucheka, lakini aliposhikwa hakuweza kujizuia. Alikaa chini akajifuta machozi kwa pindo la kanzu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu mwingine kabisa, "Hivi ndivyo ninavyowakemea? Kila siku?" Toka siku hiyo, nawaambia kweli, yule mfinyaji alihamishiwa safu ya mbele, na chuo kikatulia.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita alinung'unika kwamba si vizuri mtu asiye Mwislamu kusema maneno yale, tena tumbo wazi, ndani ya shimo. Mwalimu akamjibu, "Wangu wana miaka miwili wananisikiliza na wengine hawajaishika. Huyu ameisikia kupitia jiwe. Mwache."

Jioni hiyo, nilipofika nyumbani na ndoo yangu ya vyombo, habari ilikuwa imenitangulia. Yule mjukuu alikuwa anapepeta mchele barazani. Aliponiona alisema polepole, kana kwamba anaongea na ungo, "Wewe wa nyuma, mwache mwenzio." Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu.

Bibi hakucheka. Aliniita jikoni, akaniketisha kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Alisikiliza amefumba macho, kisha akasema, "Mdomo wako una lamu badala ya ree. Lakini dhali yako ni safi. Wangu mimi wote wanasema zali." Kumbe sauti ile ya dhali, yaani 'dh', sisi Wakamba tunazaliwa nayo, na ree, yaani 'r', hatuna; tunaitoa 'l'. Nilijiona mtu mkubwa.

"Herufi unazijua?" akaniuliza.

"Hata moja, Bibi."

Akachukua kaa la moto lililozimika, akaanza kuandika ukutani. Ukuta ule ulikuwa umejaa maandishi yake tangu zamani: siku alizopanda muhogo, nani ameazima kinu, jina la kuku aliyepotea. Yote Kidigo, na yote kwa herufi za Kiarabu. Aliandika herufi ya hee na kuniambia, "Huyu ni mwanamke, amekaa." Akaweka nukta tumboni. "Sasa ni jimu. Ana mimba." Akafuta nukta akaipandisha juu ya kichwa. "Sasa ni khee. Amejitwika mtungi, anarudi kisimani." Alifu alikuwa mwiko uliosimamishwa. Bee ni sahani iliyodondosha punje chini, na nuni ni bakuli ambalo punje imebaki ndani. Sijui kama kuna mwalimu mwingine duniani anayefundisha hivyo, lakini mimi sikusahau tena.

Kwa muda wa wiki kadhaa, kila nikitoka kazini na kuoga, kabla ya magharibi, tulikaa jikoni yeye na mimi na kaa letu. Na Bibi, akishaanza kuandika, ulimi wake nao ulifunguka. Alinieleza dini ilivyoingia kwao. Alipokuwa mtoto, upande wa Kinondo, watu wao walikuwa bado wakiomba kama walivyoomba babu zao, ndani ya kaya, msitu wao wa matambiko. Baba yake alikuwa akiuza mtama na ubani wa msituni kwa watu wa pwani, na wale wenye majahazi walikuwa wakimwandikia barua. Yeye hajui kusoma. Aliyejua kusoma alikaa Mkwiro, ng'ambo ya maji, kule Wasini. Kila akipata barua ilimbidi ashuke Shimoni, avuke, amtafute msomaji, angoje amalize kula, kisha asomewe mambo yake mbele za watu.

"Siku moja akasomewa barua kwamba mtama wake umekuwa na wadudu," Bibi alisema, "na watu wote wa Mkwiro wakajua kabla yake. Alirudi amekasirika. Akasema, 'Mimi nitajifunza hiki kitu.' Akaenda akakaa kwa mwalimu mmoja huko Vanga msimu mzima. Alikwenda kutafuta herufi za kusomea barua. Alirudi na herufi, na kofia, na swala tano."

"Na mama yako?"

"Mama alikataa miaka minne. Alisema yeye hana mtu wa kumwandikia barua." Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Alikuja kukubali alipoona baba ameacha kunywa tembo la mnazi na anarudi nyumbani mapema. Akasema dini hiyo, hata kama sijui inasemaje, inanifaa."

Neno la kwanza nililoliandika mwenyewe lilikuwa maji. Mimu, alifu, jimu, yee. Mjukuu wa Bibi alilitazama akasema jimu yangu ina mimba ya pacha, maana nilikuwa nimeweka nukta mbili. Nilifuta moja kwa kidole, na kidole kikabaki cheusi siku mbili.

Maji yenyewe tuliyapata mwezi wa pili wa kazi ukielekea kwisha, pima tisa na nusu. Kwanza jiwe lilibadilika rangi, likawa kama limelambwa. Kisha nilipochomoa mtaimbo ulitoka umelowa, na nyuma yake yakaja maji, kidogo kidogo, kama jasho. Niliinama nikaonja. Nikaonja tena, kwa sababu mtu anayetaka sana kitu hujidanganya. Yalikuwa matamu.

"Vuta!" nikamwambia mwenzangu, nikapeleka ndoo yenye maji ya tope vikombe viwili. Nikasikia mtu anasukutua. Kisha kelele zikaanza, za watoto na za watu wazima, na mwalimu akatoa takbiri hata kisima kikavuma.

Mimi bado niko chini, maji yananifika vifundoni. Sikuwa nimepanga kitu. Nikasema kwa sauti, "Mwalimu, mimi nataka kusilimu."

Watu husema nilisilimu kwa ajili ya mke, nami sikatai kwamba nilikuwa nimekwisha kumwona. Lakini siku ile sikuwa namfikiria. Nilikuwa nimeshinda miezi miwili kwenye giza la jiwe, na kila nilipoogopa kwamba ukuta utanishukia nilisema yale maneno, na hofu ikatoka. Nilitaka nikiyasema tena niwe nayasema kama mwenyewe.

Mwalimu alichungulia. "Maneno hayo uliyoyashika, unajua maana yake?"

"Sijui."

"Basi panda juu, ukaoge, ulale. Kesho baada ya alasiri nitakueleza. Ukishajua unachokisema, ndipo uniambie kama bado unakitaka."

Kesho yake nilikwenda chuoni. Bibi naye alikuja, akakaa upande wa pili wa ukuta wa makuti pamoja na wanawake wengine wawili, akasema wao wanapumzika tu. Mwalimu akaanza kuichambua Alhamdu neno kwa neno. Nilijiandaa kwa jambo gumu. Alinitajia neno la kwanza gumu, akaniuliza, "Neno rehema unalijua?"

"Nalijua."

"Ni hilo. Na walimwengu?"

"Ni watu wote."

"Ni hilo. Na milki? Na dini? Na ibada? Neema? Ghadhabu?"

Nilizijua zote. Nilikuwa nimezichukua huku na huku, Likoni, barabarani, sokoni, nikidhani ni Kiswahili cha hivi hivi tu. Mwalimu alifurahi kwa mshangao wangu. "Wewe fundi, unapofika juu mzima husema nini?"

"Salama."

"Na jiwe likikuangukia unampigia mwenzako kelele gani?"

"Hatari!"

"Zote mbili zilikuja na majahazi. Umekuwa ukizungumza Kiarabu ndani ya shimo kutwa nzima, na hujui."

Kisha akaziunganisha zile maana, taratibu, mpaka sura nzima ikasimama mbele yangu: kushukuru kwanza, halafu kukiri, halafu kuomba kuonyeshwa njia iliyonyooka. Nyuma ya ukuta tukasikia sauti ya Bibi.

"Mwalimu, hapo katikati umesemaje? Tunasema ni Yeye tu tunayemwomba msaada?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mimi nimeisema zaidi ya miaka hamsini. Ya mwanzo nilijua, na ya mwisho nilijua. Hapo katikati nilikuwa napita tu." Makuti yakachakarika alipousogelea ukuta. "Rudia, nisikie tena."

Mwalimu akarudia. Nadhani alirudia mara nne, na hakuna aliyechoka.

Ijumaa iliyofuata nilioga kwa maji ya kisima kile, nikavaa kanzu ya kuazima iliyonifika magotini kwa urefu wangu, nikatoa shahada. Nilipewa jina, ambalo ndilo ninaloitwa mpaka leo. Mwenzangu wa roda alinikumbatia akaninong'oneza, "Sasa usituimbie la kufinyana."

Sasa nije kwenye hili la mke. Kwa Wadigo wa wakati ule mjomba alikuwa na neno zito kuliko baba, na mjomba wa yule binti alikuwa ndiye mvuta roda wangu. Tulikuwa tunajenga ukingo wa kisima. Nikapiga jiwe langu mara tatu pasipo haja, kisha nikamwambia, "Bwana, ningetaka kuoa hapa kwenu. Lakini sijui kama mjomba mtu atanikubali."

Alitua karai. "Miezi miwili umening'inia kwenye kamba yangu," alisema. "Ningekuwa sikutaki si ningeiachia?"

Yeye mwenyewe, yule binti, hakuwa rahisi hivyo. Aliponipitia na mtungi wake alisema, "Mjomba amekubali, Bibi amekubali. Mimi siolewi na mtu anayemwita Rabi wangu kwa lamu. Nenda katafute ree."

Basi nikaenda kutafuta ree. Nilikuwa nikitembea njia ya Kinondo asubuhi kabla ya kazi, nikitetemesha ulimi, rrr, rrr, na mbuzi za watu wakinikimbia. Mwanamke mmoja shambani aliniuliza kama nimeumwa na nyuki. Ilichukua siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu nilisimama mlangoni nikasema, "Hodi. Rehema iko wapi ndani ya nyumba hii?" na ile ree ikatoka imenyooka kama alifu. Ndani nikasikia mtu ameangusha mwiko.

Kwa baba yangu nilipeleka habari kwa mdomo, kupitia kwa mpakizi mmoja wa lori, Mkamba mwenzangu wa Likoni. Sikujua habari itafika vipi. Wiki moja kabla ya harusi, baba akafika mwenyewe. Alikuwa ameshuka na gari moshi hadi Mombasa, akavuka kwa feri, kisha akaja na lori la nazi. Mkononi alikuwa na asali ya mzinga, na begani kibuyu kikubwa cha pombe ya asali, kwa sababu kwetu mtu haendi kuozesha mikono mitupu.

Nyuso zilibadilika. Baba alikuwa mtu wa kuona. Akanivuta pembeni, akaniuliza kwa Kikamba kuna nini. Nikamweleza. Alifikiri, akajitwika tena kibuyu chake, akatembea mpaka nje kabisa ya kijiji, nami nyuma yake. Huko akakimwaga chote chini, polepole, akiwataja babu zetu mmoja mmoja.

"Leo wazee wetu wamelewa sana," alisema, akapangusa mikono. Kisha akanigeukia. "Wamekubadilisha jina. Nikikuita kwa lile nililokupa mimi, utaitika?"

"Nitaitika, baba."

"Basi. Twende tukale."

Harusi ilikuwa nzuri. Ninachokumbuka zaidi ni baba na Bibi. Walikaa barazani siku tatu, baba hajui Kidigo, Bibi hajui Kikamba, na Kiswahili cha baba kilikuwa cha kununulia chumvi. Lakini Bibi alionyesha mbuzi akasema mbuzi, baba akasema mbui. Akaonyesha mtu akasema mutu, baba akasema mundu. Nyumba ikawa nyumba, mwana akawa mwana, na ng'ombe hakubadilika hata kidogo. Kila wakikuta neno lililofanana walipigana viganja kama watoto. Siku ya kuondoka, baba alikunywa maji ya kisima changu kata mbili, akasema hajapata kuona mtu akilipwa kwa kuchimba kitu kitamu namna hii.

Tulikaa. Nikachimba vingine Diani na Msambweni, na mke wangu akanizalia binti. Nikataka baba apate habari hiyo kwa mkono wangu mwenyewe. Nikachukua karatasi, nikamwandikia ukurasa mzima kwa Kikamba, kwa zile herufi za Bibi, maana nyingine sikuwa nazo. Nikaipeleka posta. Ilipokwisha kwenda ndipo mke wangu akaniuliza, "Na huko kwenu nani ataisoma?" Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo.

Miezi ikapita kimya. Kisha, kabla ya masika, baba akatokea tena barazani kwetu, na barua yangu kifuani imechakaa kwa kukunjwa. Alikaa, akapewa maji, akatueleza.

Aliipeleka kwa mwalimu wa shule, akaambiwa si maandishi. Akaipeleka kwa karani wa chifu, naye akaigeuza juu chini akasema labda ni mchoro. Mwisho akamkumbuka Mwarabu mmoja mwenye duka sokoni, mtu wa ng'ambo, hajui Kikamba zaidi ya bei za vitu. Mwarabu aliitazama, akasema, "Herufi ni zangu, maneno siyajui." Baba akamwambia, "Wewe zitamke tu." Basi yule bwana akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, akijikwaa hapa na pale, haelewi hata neno moja. Na watu wakaanza kukusanyika dukani, maana Mwarabu alikuwa anazungumza Kikamba. Mahali fulani alikosea irabu, baba akamsahihisha. Alipofika kwenye habari ya mtoto, wanawake wakapiga vigelegele, na Mwarabu akashtuka, akaishusha karatasi.

"Akaniuliza," baba alisema, "'Mzee, kwani nimesema nini?' Nikamwambia, 'Umesema nimepata mjukuu wa kike, tena amefanana na mimi.' Akaruka juu ya meza ya duka akanikumbatia, akanipa ratili ya tende."

Akaufungua mfuko wake, akatoa zile tende, zimebaki chache, akamtafuta mtoto kwa macho.

"Haya," akasema, "mleteni nimwone kama ni kweli."